WATU WAWILI USIOWAJUA WANAPIGANA: UINGILIE AO UPITE?

Mazungumzo ya amani kwenye redio, yaliyoandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuyasikiliza

 

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelikuta njiani. Unatoka sokoni, ao uko kwenye mstari wa maji, na ghafula unaona watu wawili wameshikana mashati. Huwajui. Hujui nani alianza wala wanagombania nini. Moyo mmoja unakuambia: "Waachanishe, wataumizana." Moyo mwingine unakuambia: "Pita, si mambo yako." Unapewa muda wa kuvuta pumzi mara tatu tu. Utafanya nini?

Hatutawaambia kwamba kila mara uingilie, wala kwamba kila mara upite. Tutaeleza namna ya kuamua, na namna ya kusaidia bila kuongeza moto. Lakini kwanza nitawaeleza kosa langu mwenyewe.

KOSA LANGU KWENYE ROBINE

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kutembelea jamaa katika kambi moja karibu na mji wa Goma. Ilikuwa asubuhi, mstari wa bidoni ulikuwa mrefu. Kijana mmoja alisogeza bidoni ya mwenzake nyuma ili aweke yake mbele. Maneno yakapanda, wakashikana. Watu wote walisimama wakitazama. Mimi nikaruka, nikamkumbatia kwa nyuma yule aliyekuwa karibu nami, nikamkaza mikono yake kwa nguvu zangu zote. Nilifikiri ninaleta amani.

Yule mwingine akaona nafasi. Akaokota jiwe la volkano, ninyi mnayajua mawe yetu yale yenye meno, akampiga mwenzake usoni. Kijana niliyemshika hakuweza hata kuinua mkono kujikinga, sababu mikono yake ilikuwa ndani ya mikono yangu. Akapasuka juu ya jicho, damu ikajaa shati lake na langu.

Mambo hayakuisha pale. Ndugu zake walipofika, hawakuuliza kwanza nani alipiga. Waliuliza: "Ni nani aliyemshika ili apigwe?" Nikajaribu kujieleza. Waliposikia namna ninavyosema, wakajua nyumbani kwetu ni wapi, na kwa bahati mbaya yule aliyepiga alitoka upande uleule. Saa sita ya mchana kambi nzima ilikuwa inasema kwamba watu wa kabila fulani wamemshika kijana wa kabila fulani wakampiga. Kwa siku mbili wamama wa upande mmoja waliogopa kuteka maji kwenye robine ile, wakaenda kutafuta mbali.

Ilibidi wazee wa pande zote mbili wakae, nami nikiwa katikati yao, niombe msamaha. Kijana alinipa mkono, kisha akaniambia: "Ulikuja kwa wema, lakini mikono yako ilifanya kazi ya adui yangu." Maneno hayo sijayasahau, na ndiyo yaliyonifanya nianze kujifunza yale ninayowaeleza leo.

KWA NINI WENGI WANATAZAMA TU

Siku ile watu zaidi ya hamsini walikuwa wamesimama. Je, wote walikuwa na roho mbaya? Hapana.

Mwaka 1968, huko Marekani, wataalamu wawili, John Darley na Bibb Latané, walitangaza jaribio walilolifanya. Waliweka mwanafunzi ndani ya chumba peke yake, akazungumza na wengine kwa chombo cha sauti. Ghafula akasikia mmoja wao anashikwa na ugonjwa na kuomba msaada. Kati ya wale waliofikiri kwamba ni wao peke yao waliosikia, 85 kwa mia walikimbia kutafuta msaada kabla sauti ile haijanyamaza. Kati ya wale waliofikiri kwamba watu wengine wanne wanasikia pia, 31 tu kwa mia ndio waliokimbia. Kila mmoja alijiambia: "Mwingine atakwenda."

Ndivyo ilivyo kwetu kwenye robine na sokoni. Mtu anamtazama jirani yake, anaona jirani ametulia, anafikiri kwamba labda jambo si kubwa. Jirani naye anamtazama yeye na kufikiri vilevile.

Lakini tusikate tamaa. Mwaka 2019 wataalamu wengine walitangaza kazi nyingine. Walitazama picha za kamera za barabarani katika miji mitatu: Amsterdam katika Uholanzi, Lancaster katika Uingereza, na Cape Town katika Afrika Kusini. Waliona magomvi 219. Katika magomvi 9 kati ya 10, angalau mtu mmoja aliyekuwa pale alifanya kitu: alituliza kwa mkono, alimvuta mmoja kando, ao alimfariji aliyepigwa. Na mara nyingi hakuwa mmoja, walikuwa wengi. Maana yake ni kwamba watu waliosimama si wafu. Wengi wao wanangojea tu mtu wa kuanza.

SHERIA INASEMAJE

Wengine wanauliza: "Je, sheria inanilazimisha?" Sheria za adhabu za nchi yetu, tangu mwaka 1978, zinamwadhibu mtu anayemwacha mwenzake katika hatari kwa makusudi, wakati angeweza kumsaidia bila kujihatarisha yeye mwenyewe wala wengine. Sikilizeni vizuri mambo mawili. La kwanza: sheria haikutumi kufa. Inasema bila hatari kwako na kwa wengine. La pili: sheria inatambua msaada wa namna mbili, kusaidia wewe mwenyewe ao kuita watu wa kusaidia. Kwa hiyo anayekimbia kumwita shefu ao polisi si mwoga. Amefanya kazi yake.

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Sasa tuje kwenye zile pumzi tatu. Jiulize maswali manne.

1. Kuna silaha? Tazama mikono kwanza, kabla ya kutazama uso. Panga, kisu, chupa iliyovunjika, bunduki, grenedi. Ukiona bunduki ao grenedi, usisogee. Watoe watoto, laza watu chini ao wapeleke nyuma ya ukuta, tafuta msaada. Panga na kisu navyo si vya kushika kwa mikono mitupu.

2. Ni watu wawili wanaopigana, ao ni mmoja anayepigwa? Mambo haya mawili hayafanani. Wawili wenye nguvu sawa, mara nyingi kila mmoja anatafuta njia ya kutoka bila aibu, na sauti ya mtu mwingine inaweza kuwapa njia hiyo. Lakini kama mmoja ameanguka na anapigwa teke la kichwa, ao ni mtoto, ao ni mtu ambaye hawezi kujitetea, hakuna muda wa kungojea. Piga kelele mara moja na uite watu.

3. Niko na nani? Usiingie peke yako. Tafuta mwenzako mmoja ao wawili. Ikiwezekana, wawe wa upande mwingine usio wako, na mmoja awe mama ao mzee.

4. Watu watanitazama kama nani? Hili ndilo swali nililolisahau. Katika nchi iliyopita vita, hakuna mtu anayeingia katika ugomvi kama mtu mtupu. Lugha yako, mavazi yako, kambi unayotoka, vyote vinasema kabla hujafungua kinywa. Kama wanaopigana ni wa pande mbili na wewe unajulikana kuwa wa upande mmoja, mwite mwingine aje pamoja nawe, ao wewe fanya kazi ya kuita tu.

NAMNA YA KUINGILIA

Ukiona kwamba unaweza, anza na sauti, si mikono. Sauti ya mbali haiumizi mtu na haina upande.

Sauti inayofaa zaidi si ya kuhukumu. Usiseme: "Ninyi ni wajinga," wala: "Nani alianza?" Ukiuliza nani alianza, kila mmoja ataanza tena ili akuonyeshe. Sema jambo linalowatoa katika hasira. Niliona mama mmoja kwenye mstari wa maji akisema kwa nguvu: "Mama, bidoni yako! Maji inamwangika!" Wote wawili waligeuka kutazama bidoni zao, na ngumi zikashuka. Mwingine atasema: "Papa, mtoto wako analia, anakuita." Hata kama papa huyo humjui, neno papa linamkumbusha kwamba yeye ni mzazi wa mtu. Kijijini tungemwita kwa jina la baba yake, naye angeona haya. Hapa hatujui majina ya baba zetu. Lakini neno papa, mama, yaya, mzee, yote tunayo, na bado yana nguvu.

Pili, wagawie watu kazi. Usiseme tu: "Saidieni!" Kila mtu atafikiri unamwambia mwingine. Onyesha kwa kidole: "Papa mwenye koti la buluu, umwite shefu wa bloku. Mama uliye na mtoto mgongoni, wapeleke watoto hawa kando. Wewe kijana, njoo nami." Utaona watu wanatii, sababu walikuwa wanangojea kuambiwa.

Tatu, kama ni lazima kutumia mikono, msimshike mmoja peke yake. Mtu wa kwanza ashughulike na huyu, mtu wa pili na yule, kwa wakati mmoja. Na ikiwezekana kila mmoja avutwe na mtu anayemwamini, wa kwao, ili asione kwamba amekamatwa na maadui. Usimfunge mikono. Mpeleke nyuma, mgeuze uso asimwone mwenzake. Mtu akiacha kumwona adui, hasira inaanza kupungua.

Nne, mwachie kila mmoja njia ya kuondoka. Watu wakifanya duara na kushangilia, wale wawili wamefungwa ndani. Fungua duara. Waambie vijana wanaocheka waondoke. Mara nyingine kazi kubwa ya kuachanisha ni kuwatawanya watazamaji.

Tano, usimame pembeni, si katikati. Anayesimama katikati anapokea ngumi ambazo si zake.

WASIKILIZAJI WANAULIZA

Mama mmoja aliuliza: "Na kama ni mume anampiga mke wake ndani ya hema, na watu wanasema ni mambo ya ndoa?"

Mama, ndoa haimzuii mtu kufa. Lakini ukiingia na kumtukana mume mbele ya watu, usiku atalipiza juu ya mke. Nendeni wamama wawili ao watatu, mpige hodi, muombe kitu: chumvi, moto, kiberiti. Kaeni mlangoni, msiharakishe. Kipigo kinakatika. Kesho yake, mke akiwa peke yake, mwambieni kwa siri mahali pa kupata msaada: kituo cha afya, nyumba za kusikiliza wanawake kama ziko karibu, mama kiongozi wa bloku. Na kama mnasikia kwamba anauawa, hakuna hodi tena. Pigeni kelele, iteni watu wote.

Kiongozi mmoja aliuliza: "Na kama ni watu wengi wanampiga mtu wanayemwita mwizi ao mchawi?"

Shefu, umati hauzimwi na mtu mmoja anayekimbia katikati. Anza pembeni. Pale pembeni kuna vijana unaowajua, hawajapiga bado, wanasogea tu. Waite kwa majina, waondoe mmojammoja. Umati ukipungua, wale wa katikati wanaanza kuonekana nyuso zao, na hakuna anayependa kuonekana. Wakati huohuo mtafute mtu mwenye uzito: mwalimu, kiongozi wa dini, mama mzee anayeheshimiwa. Aseme neno moja tu: "Tumpeleke kwa polisi." Asitetee wala asihukumu. Kama ni mwizi, polisi na baraza watajua. Mkimwua, hamtajua kamwe, na ndugu zake watakuja.

Kijana mmoja aliuliza: "Si wazee walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune?"

Ni kweli walisema. Lakini mithali hiyo ilisemwa juu ya ndugu. Ndugu wana mama mmoja wa kuwapatanisha jioni, na kuna shamba la kuvuna pamoja. Watu wawili wasiojuana katika kambi hawana mama mmoja na hawana shamba. Jioni kila mmoja anarudi kwa watu wake na kusimulia ugomvi kwa namna yake. Hakuna anayewapatanisha isipokuwa sisi tulioona.

BAADA YA KUACHANISHA

Wengi wanafikiri kazi imeisha watu wakiachana. Saa mbili ao tatu zinazofuata ni za hatari zaidi, sababu hapo ndipo habari inatembea. Inaanza kama "Vijana wawili walipigana juu ya bidoni," na inafika mwisho wa kambi kama "Wametushambulia."

Kwa hiyo, wewe uliyeona, sema ulichokiona tu. Usitaje kabila kama ugomvi haukuwa wa kabila. Mwambie shefu wa bloku mapema, kabla ya jua kuzama. Kwanza, aliyeumia apelekwe kwa muganga, hata kama yeye ndiye aliyeanza. Kisha wazee wa pande zote mbili wakutane siku ileile ao kesho yake, wasikilize mmojammoja, waamue juu ya gharama za dawa na juu ya kile kilicholeta ugomvi.

Na wewe uliyepita bila kusaidia, sababu ulikuwa na mtoto mgongoni ao uliona bunduki, usijihukumu. Rudi baadaye. Mtazame aliyepigwa, mpelekee maji, mwulize hali. Mtu aliyepigwa mbele ya watu anaumizwa mara mbili: na ngumi, na macho ya wale waliotazama. Ukirudi, unaponya lile la pili.

NENO KWA VIONGOZI

Kazi hii ni ya zamani kwetu katika Maziwa Makuu. Burundi wana Bashingantahe, watu wanaochaguliwa kwa haki na ukweli wao ili kukata magomvi. Kivu ya Kaskazini, mwaka 1998, wazee wa makabila mbalimbali waliunda Barza ya pamoja ili kuzima magomvi kabla hayajawa vita. Ilifanya kazi miaka kadhaa; kisha siasa ilipoingia kati ya wazee, ikadhoofika. Somo ni hili: wazee wanasikilizwa muda ule watu wanapoona kwamba hawana bwana mwingine nyuma yao.

Viongozi wa kambi, fanyeni mambo matatu. Kwanza, tazameni chanzo. Mashirika ya misaada yana vipimo vinavyoitwa Sphere, ambavyo vilianza kutayarishwa mwaka 1997. Vinasema robine moja isihudumie zaidi ya watu 250, mtu asingoje maji zaidi ya dakika 30, na kila mtu apate angalau litri 15 kwa siku. Hesabuni robine zenu na watu wenu. Kama robine moja ina watu 800, pelekeni hesabu hiyo kwa shirika linaloleta maji. Hata mkifundisha uvumilivu kila siku, mstari wa saa nne utaleta ngumi.

Pili, chagueni kwenye kila robine na kila soko watu wanne wa kuachanisha, wanaume na wanawake, wa makabila tofauti, na watu wote wajulishwe majina yao. Wajifunze kufanya kazi wawili wawili, kila mmoja na upande wake. Hivyo hakuna atakayeuliza nani alimshika nani.

Tatu, wekeni siku moja katika juma ya kusikiliza magomvi madogo: bidoni, kamba ya hema, kuni, mbuzi aliyekula majani ya mwingine. Ugomvi mdogo uliosikilizwa mapema hauhitaji kuachanishwa kwenye robine.

Wandugu, kijana yule aliyepigwa kwa jiwe ana alama juu ya jicho mpaka leo. Tulipokutana tena alicheka, akaniuliza kama nimejifunza. Nikamwambia: siku hizi, nikiona watu wanapigana, ninatazama mikono yao, kisha ninamtafuta mwenzangu wa upande mwingine, kisha ninaita kwa sauti. Mikono yangu inakuja ya mwisho.

Ninyi pia muzungumze jambo hili leo jioni, mkiwa pamoja. Waulizeni watoto: ukiona watu wanapigana, utamwita nani? Kama mtoto hajui jina la kumwita, mtafutieni jina hilo kabla ya kulala.